Kuhusu tarehe ya hukumu ya talaka yako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenihuzunisha, hasa pale unapoeleza kwamba ulifunga ndoa ya pili kwa nia njema, ukiamini hukumu ya talaka imekwisha kutoka, kumbe faili lilikuwa bado linasubiri saini ya jaji. Sasa unauliza kama mahakama ya huko California yaweza kuihesabu talaka tangu siku mlipotengana.

Tangu siku mlipotengana, la, na nakusihi asitokee mtu wa kukutia tamaa hiyo. Mahakama inaporudisha nyuma tarehe ya hukumu haibadilishi yaliyotokea kati yenu. Inarekebisha tu ucheleweshaji wa hukumu ambayo ilikuwa tayari kutolewa, lakini kwa makosa, uzembe au kupitiwa haikutiwa saini wala kuandikishwa kwa wakati wake. Sheria ya Familia ya jimbo hilo, kifungu cha 2346, inamruhusu jaji kuipa hukumu tarehe ambayo ingeweza kuandikishwa, ila si kabla ya shauri kusikilizwa, wala kabla ya siku ombi la hukumu kwa hati ya kiapo lilipowasilishwa. Ile miezi sita ya kungoja, inayohesabiwa tangu mdaiwa, yaani yule aliyefunguliwa shauri la talaka, apokee hati za shauri au ajitokeze mahakamani, nayo haiepukiki kwa njia hii.

Lakini wewe huhitaji kurudi mbali kiasi hicho. Unachohitaji ni tarehe iliyotangulia harusi yako, kwa sababu kifungu hichohicho kinaweza kuihalalisha ndoa iliyofungwa baada ya siku ambayo hukumu ingeweza kuandikishwa. Kwa hiyo itazame nakala ya ombi lako la hukumu, juu upande wa kulia, palipogongwa muhuri wa mahakama: ikiwa tarehe ile imetangulia harusi, na miezi sita ilikuwa imetimia, hoja yako ina nguvu. Ikiwa ni baada ya harusi, mweleze wakili wako waziwazi, maana huenda wewe na mwenzi wako wa sasa mkahitaji kufunga ndoa upya.

Katika hati ya kiapo ya kuomba tarehe irudishwe nyuma, eleza ucheleweshaji ulivyotokea bila kutia chumvi, na ambatisha nakala hiyo yenye muhuri. Usifanye lolote kwa siri. Mtalaka wako naye apewe taarifa ya ombi hilo.

Niandikie mara utakapoiona tarehe hiyo.

Wako akupendaye daima.