Barua ya wazi kwa wazazi vijana wa Tanga: jina la binti lisomeke

Hamjambo wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoanza kulea huku Ngamiani, Makorora, Mabawa na Chumbageni. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kuita majina ya watoto asubuhi ndiyo ilikuwa kazi yangu. Siku hizi nalisikia jina Nevaeh, kliniki na hata kwenye akika. Mama analitamka Neveya, baba Nevae, na mwalimu ambaye hakuambiwa anasoma Nevaehi, kwa sababu Kiswahili husoma kila herufi iliyoandikwa. Binti anaitwa na haitiki, wenzake wanacheka.

Jina lenyewe sina ugomvi nalo. Ni neno la Kiingereza Heaven, yaani mbinguni, lililoandikwa kinyumenyume. Mwaka 1999 Marekani nzima walizaliwa wasichana wanane tu waliopewa jina hilo. Mwaka 2000 mwanamuziki Sonny Sandoval wa kundi la P.O.D. alionekana kwenye televisheni ya MTV akiwa na binti yake Nevaeh, na watu wakalipenda. Mwaka 2005 peke yake walipewa watoto zaidi ya 4,400. Huko wengi hutamka Neveya au Naveya, h ya mwisho haisikiki. Na wapo wanaolikosea hukohuko kwao wakaandika Neveah, ambalo ukiligeuza halirudi kuwa Heaven.

Basi ikiwa mmelipenda, andikeni Neveya.

Najua mtasema mbingu iliyofichwa ndani yake itapotea. Wanangu, nani hapa Tanga anasoma jina la mtoto kuanzia mwisho? Bibi zetu walimpokea Khadija wakamwita Hadija, Fatima akawa Fatuma. Wakristo wa Magila nao wakawa na kina Elizabeti na Magreti. Hakuna aliyepungukiwa heshima. Majina yalikuja ugenini yakakaa vizuri midomoni mwetu.

Kinachowatesa watu ni kuandika huku hivi na kule vile. Kadi ya kliniki ina Fatma, cheti cha kuzaliwa cha RITA kina Fatuma, shule imeandika Fatima. Baraza la Mitihani linachukua lililoletwa na shule, na cheti cha kidato cha nne kinatoka nalo. Siku binti anakwenda NIDA, au anaomba mkopo wa chuo, anaulizwa hawa watatu ni nani. Hapo ni kwenda kwa wakili kula kiapo, nauli, ada, na muda wa kuomba kazi unapita. Nimewaona mabinti hodari wakilia juu ya herufi moja. Ikiwa Fatuma, jina tunalolijua sote, lina balaa hiyo, Nevaeh itaandikwa namna ngapi?

Tena fikirini hili: kwenye fomu zetu mtoto ana majina matatu. La pili ni la baba, la tatu la babu. Mnalochagua ninyi ni moja tu, kwa hiyo lipeni uzito wake. Na mnaosaka jina adimu, mbona mmewasahau Mwanaidi, Mwanahawa na Mwanakombo? Darasani kwangu mwishoni nilikaa muda mrefu bila kumwita Mwanahamisi hata mmoja. Roho iliniuma, na inaniuma bado.

Kabla hamjakwenda kusajili, liandikeni jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mpeni bibi wa mtoto alisome, asiambiwe kitu. Akilitamka mnavyotaka ninyi, liende RITA hivyohivyo. Akikwama, rekebisheni herufi. Bibi msimlaumu. Kisha nakilini kutoka kwenye cheti hicho kila mnapojaza fomu, msiandike kwa kukumbuka.

Ambao binti zenu wameshasajiliwa Nevaeh, msihangaike kubadili sasa. Liacheni hivyo kwenye kila karatasi. Ila siku ya kwanza ya shule mwoneni mwalimu wa darasa, mtamkieni, aandike pembeni ya daftari lake la mahudhurio linavyosemwa. Na binti naye mfundisheni kusema bila woga: "Shikamoo mwalimu, mimi naitwa Neveya." Mwalimu atamsikiliza.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu
Ngamiani, Tanga