Nusu saa ya Unguja na Pemba tuelezwe yote

Mhariri, assalaam aleikum. Naomba nafasi nilizungumze hili la safari za ndege baina ya Unguja na Pemba, maana kila unomuuliza atakwambia nusu saa tu ushafika, na wakata tiketi nao ndo hivo hivo, nusu saa, nusu saa, watu wanapanga mambo yao kwa hiyo nusu saa halafu wanakuja kuadhirika.

Hewani ni kweli, sibishi. Kutoka uwanja wa Unguja mpaka uwanja wa Pemba kwa mstari ulonyooka ni kama kilomita 125, na hizi ndege ndogo za injini moja zinakwenda kiasi cha kilomita 300 kwa saa, ukitia kupanda na kushuka inakuja hiyo nusu saa. Dar na Unguja ni karibu zaidi, kilomita 70 na kitu, dakika 20 basi.

Lakini mtu wa Konde au Micheweni, huko kaskazini ya Pemba, hakai uwanjani jamani! Anatoka kwake alfajiri, ashuke mjini Chake Chake, atafute gari ya kumfikisha uwanjani, aripoti mapema, mzigo upimwe usizidi kilo 15, na pengine na yeye mwenyewe apandishwe mizani kwa sababu ndege ndogo inahesabu kila kilo. Hapo bado ndege yenyewe, kwani moja hiyo hiyo inazunguka Dar, Unguja, Pemba, na nyengine zinapitia Tanga, ikichelewa kituo kimoja basi wote wa mbele washaumia.

Mama yangu mdogo alikuwa na miadi ya daktari mjini Unguja. Kakaa uwanjani na bahasha yake ya eksirei mapajani, kila akiuliza anaambiwa inakuja, inakuja, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Alipofika mjini kliniki ishafungwa, ikabidi alale kwa watu na apangiwe siku nyengine, na mgonjwa yule hata kukaa kitako kwa muda mrefu hawezi. Iliniuma sana.

Wenzetu wanaokwenda Muscat, karibu kilomita 3,900, saa tano na kitu angani, tiketi zao zimeandikwa kila kitu: saa ya kuripoti, ya kuondoka, ya kutua, na kama ndege inapitia pahala. Kwa nini sie wa hapa hapa tusiandikiwe?

Nawaomba wenye mashirika, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisimamie hili: tiketi ioneshe ndege inaanzia wapi na inapita wapi kabla ya kutufikia, na ikichelewa abiria apigiwe simu akiwa bado yuko kwake, namba tunaziacha wakati wa kukata tiketi. Na mgonjwa mwenye karatasi ya hospitali apewe kiti kwenye ndege ya mwanzo ya asubuhi.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba