Tagi za linki zetu zijazwe na mtu, sio plagini peke yake

Mhariri naomba nafasi niongee na nyie wenye magazeti pamoja na vijana wanaowatengenezea tovuti, maana hili jambo linaniuma kweli.

Siku hizi wengi wetu habari tunazikuta kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu anashea linki inatokea na kiboksi chenye picha, kichwa cha habari na maelezo kidogo, na hapohapo ndo msomaji anaamua aunguze bando lake au apite. Sasa angalieni linki nyingi za Kiswahili, habari ni ya bei ya mbolea lakini picha ni logo ya gazeti, na maelezo yanasema "Na Mwandishi Wetu, Dodoma" halafu yamekatika.

Kile kiboksi kinatoka kwenye tagi, yaani vijimaandishi vya kuelezea ukurasa vinavyokaa juu kabisa kwenye kodi zake za HTML (lugha ya kutengenezea kurasa za tovuti), msomaji hazioni. Facebook walianzisha hizi za Open Graph mwaka 2010 na WhatsApp nao wanasoma hizohizo, og:title (kichwa), og:description (maelezo) na og:image (picha). Google wanaangalia zaidi title na description, zile keywords (orodha ya maneno ya kutafutia) ambazo watu bado wanahangaika kuzijaza walishasema tangu 2009 kwamba hawazitumii kupanga matokeo, kwa hiyo huo muda bora uende kwenye maelezo mazuri ya Kiswahili.

Plagini za kujaza tagi, yaani viprogramu vya kuongezea kwenye tovuti, zinasaidia sikatai, ila plagini haijui habari inahusu nini, inachota tu maneno ya mwanzo. Na pale og:image isipowekwa kabisa Facebook wanajiokotea picha yoyote waliyoikuta kwenye ukurasa, yaani habari ya ajali inaweza kutoka na sura ya mtu wa kwenye tangazo la pembeni, ndugu zake wakiiona huko kwenye simu itakuwaje?

Halafu vijana wa tovuti, tagi zinazoingizwa na JavaScript (programu inayofanya kazi kwenye simu ya msomaji) baada ya ukurasa kufunguka hizo Facebook na WhatsApp hawazioni, ziwepo tayari kwenye HTML inayotoka kwenye seva. Picha iwe ya pikseli 1200 kwa 630 isikatwe vichwa vya watu.

Ombi langu kwenu wahariri, pale mwandishi anapopakia habari pawe na sehemu mbili za lazima, maelezo mafupi na picha ya kushea, na mhariri azipitie kama anavyopitia kichwa cha habari cha gazeti la karatasi. Na linki kabla haijapostiwa mtu ajitumie kwanza mwenyewe WhatsApp aione ilivyo, kwa sababu Facebook unaweza kuwaambia waisome upya lakini meseji ya WhatsApp ikishasambaa na picha isiyo yake haibadiliki tena hata mkirekebisha tovuti.

Msomaji wenu,
Morogoro