Kuchoma ukoka hakutaokoa mahindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu majirani zangu wa Pongwe na Muheza ambao, masika inapokaribia, huchoma ukoka na majani mengine ya kando ya barabara, eti ndiyo yanayoleta ugonjwa wa kutu kwenye mahindi. Wapo hata waliouziwa dawa ya kunyunyizia majani hayo. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo nina maslahi yangu hapa na siyafichi. Ila hoja yangu ni ya mahindi pia.

Ukipitisha kidole kwenye jani la ukoka lenye madoa, kinatoka na unga wa rangi ya machungwa. Ukienda shambani ukaukuta unga kama ule kwenye mahindi, ni rahisi kudhani mgomvi ni mmoja. Siyo. Kutu ni kuvu, na kila aina ina mmea wake. Ile ya ukoka, ambayo wataalamu huiita Puccinia cynodontis, haiyashiki mahindi hata ukiyamwagia kwa ndoo. Inayotutesa sisi wa pwani ni Puccinia polysora, inayopenda joto na unyevu, na vipele vyake hujaa zaidi upande wa juu wa jani. Wa Lushoto, kwenye baridi, wana yao nyingine, Puccinia sorghi, inayotokea pande zote mbili.

Hii yetu ni mgeni. Mwaka 1949 ilionekana Sierra Leone, na haikupita miaka mingi ikawa imefika Afrika Mashariki. Vijimbegu vyake husafiri kwa upepo. Sasa ugonjwa uliovuka bara zima utauzuia kwa kuchoma ukingo wa barabara ya Segera?

Najua atakayenikumbusha kwamba Marekani, kuanzia 1918, waling'oa vichaka vya berberi ili kuokoa ngano. Ni kweli, na walikuwa na sababu: kutu ya shina la ngano hupitia kwenye berberi kisha ikarudi kwenye ngano. Kutu yetu haijaonekana ikipitia kwenye mmea wa namna hiyo. Inatoka kwenye mahindi inaingia kwenye mahindi. Kama kuna majani ya malisho ya kuyatilia shaka, ni ya Guatemala, maana ni ndugu wa karibu wa mahindi, hayo yakaguliwe.

Isitoshe, kutu haiishi kwenye jani lililokufa, inataka jani bichi. Ndiyo maana mahindi yanayojiotea yenyewe baada ya mavuno ni hatari kuliko ukoka wote wa Tanga: hayo ndiyo yanayoivusha kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Yang'oeni, ng'ombe atayala. Na anayepanda kwa kuchelewa, pembeni ya shamba la jirani lililokwisha kushambuliwa, asishangae.

Dawa ndiyo inayonitia hofu zaidi. Majani ya barabarani hayana mwenyewe. Leo fulani ananyunyiza, kesho kijana wangu anayakata na kuyatia horini. Ng'ombe anakula, maziwa yanauzwa, na hakuna aliyesoma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kulisha.

Wenye maduka ya pembejeo wamuulize mteja anakwenda kunyunyizia nini kabla ya kupokea pesa yake. Na mabwana shamba wetu wapite mitaani kabla ya msimu, jani la ukoka mkono mmoja na la mahindi mkono wa pili, wawaonyeshe watu.

Mfugaji,
Pongwe, Tanga