Barua kwa mwanangu: nani atakuuliza umefika wapi?

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu Neema,

Marahaba. Habari kwamba umejiandikisha kusoma shahada ya uhasibu kwa mtandao katika chuo cha nje, huku ukiendelea na kazi yako ya forodha hapo Tunduma, mama yako aliipokea kwa vigelegele. Mimi nilinyamaza, nawe ukakata simu ukidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta namna ya kukuuliza jambo moja, na kwa kuwa kwa mdomo limenishinda, naliandika: katika masomo hayo, ni nani atakayekuuliza umefika wapi?

Wazee wenzangu wananiambia wasiwasi wangu uwe juu ya cheti. Hilo ni kweli, lakini lina njia yake. Kabla hujalipa awamu ya pili ya ada, waulize Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo hicho kinatambuliwa na kama tuzo yake italinganishwa na za hapa nchini. Waulize pia NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, wanaichukuliaje shahada hiyo kwa mtu anayetaka kufanya mitihani yao ya CPA, maana mhasibu hasimami kwa shahada peke yake. Majibu uyatake kwa maandishi. Wewe ambaye unakesha ukikagua nyaraka za mizigo ya watu, nashangaa zako umezipita haraka namna hii. Hata hivyo, hilo linarekebishika.

Ninaloliogopa ni kuanza bila kumaliza. Kijana wa jirani amenitajia Mandela, aliyepata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, akisoma kwa masafa huku akiwa bado mfungwa. Namheshimu kwa hilo. Lakini shahada ya sheria alianza kuisomea darasani, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mwaka 1943. Ihesabu miaka iliyo katikati, kisha uniambie kama mtu mwenye kazi, kodi ya chumba na foleni ya malori inayomsubiri asubuhi anayo subira ya kiasi hicho.

Usinielewe kwamba nadharau elimu ya masafa. Chuo Kikuu Huria chetu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewapa shahada walimu na makarani ambao wasingeweza kuacha kazi wakaenda kukaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, miaka mitatu. Chuo hicho kina vituo mikoani, mahali ambapo mtu anaweza kwenda akakutana na wenzake, na ningefurahi kama ungekifikiria kwanza. Anayesoma na wenzake akikosekana wiki mbili, yupo atakayeuliza. Wewe utakuwa na simu yako na bando lako, usiku, baada ya kazi. Nani atakuuliza?

Sanduku la bati lililo chini ya kitanda chetu, lile mlilokatazwa kulifungua, lina vijitabu vya masomo vya mwaka 1999. Mliambiwa ni vya kazini. Ni vya mtu aliyejiandikisha, akalipa ada ya mwaka wa kwanza kwa fedha iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya mabati ya jiko, akafanya jaribio moja na kuishia hapo. Chuo kilimpa kila alichostahili. Kila jioni alisema kesho, na mkewe hakumuuliza kwa sababu alikwisha mwambia kwamba masomo yanakwenda vizuri. Jiko likavuja misimu miwili ya mvua. Sasa mchwa wameingia sandukuni, na mama yako anataka litolewe. Nimemwomba asubiri hadi mwisho wa mwezi.

Kuna jambo jingine la kuwauliza hao watu wa chuo. Mwezi Mei 2024, nyaya za mawasiliano za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilidorora nchi nzima. Siku kama ile ikiangukia kwenye mtihani wako, kanuni yao inasemaje? Utaruhusiwa kuurudia bila kulipa tena, au utahesabiwa umeshindwa? Soma kanuni zenyewe, usitosheke na tangazo. Na usiku wa mtihani hakikisha Luku ina uniti za umeme za kutosha.

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushika stashahada kabla yako, na sijawahi kukutamkia jinsi nilivyojisikia siku ile. Nilikuuliza tu mshahara utakuwa kiasi gani. Ndiyo maana nakuomba uniruhusu niwe mtu wa kukuuliza. Nitumie orodha ya masomo ya muhula huu pamoja na tarehe za mitihani, nami nitaibandika ukutani karibu na kalenda. Kila Jumapili saa mbili usiku nitakupigia kukuuliza umefika wapi, na ukiwa hujafika popote uniambie hivyo hivyo.

Kaka yako amekubali kuchangia bando la kila mwezi. Meza ya mninga iliyokuwa sebuleni nimempelekea fundi aikaze miguu, kwa kuwa huwezi kusomea kitandani miaka mitatu. Ikiwa yupo dereva unayemwamini anayepakia hapa Dar es Salaam kuja huko, nitumie namba yake kabla ya Ijumaa, na uniambie mlango wa chumba chako una upana gani.

Baba yako