Muuguzi wa shule awaunganishe wanaomhudumia mtoto mwenye pumu

Mhariri,

Mtoto mwenye pumu anapobanwa kifua uwanjani, mara nyingi dawa yake ya kuvuta imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ametoka, huku mwalimu wa michezo akidhani amechoka tu. Daktari ameandika mpango wa matibabu, mzazi anajua kwamba vumbi humwanzishia kikohozi, lakini habari hizo hazikutani. Muuguzi wa shule ndiye awezaye kuzikutanisha: atunze nakala ya mpango huo, awafundishe walimu namna ya kumsaidia mtoto kuvuta salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, na awajulishe mzazi na daktari mtoto anapoihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki, dalili kwamba pumu haijadhibitiwa. Nawasihi wakuu wa shule wampe muda na mamlaka ya kuifanya kazi hiyo.

Mzazi