Kabla ya kisu, tupeni jina la ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Mwezi wa kumi mlichapisha ukurasa mzima wa kuwafundisha wanawake wa Bukavu kujipapasa matiti. Niliukata, nikaubandika ukutani katika ofisi ya walimu shuleni kwetu Kadutu, na walimu wenzangu wameusoma. Nawashukuru. Lakini ukurasa ule uliishia kwenye maneno "ukisikia uvimbe, nenda hospitali", na hapo hasa ndipo taabu ya jamaa yetu ilipoanzia.

Yaya wangu, mtoto wa kwanza wa mama, anauza vitenge. Uvimbe aliusikia mwenyewe, mdogo kama haragwe, na siku ya tatu alikuwa mbele ya munganga, daktari wa hospitali. Hakupitia chumba cha maombi wala kwa wa miti shamba, kama wanawake wa hapa tunavyosingiziwa kila mara. Wiki ileile akapasuliwa. Wakamwambia uvimbe umetoka, aende nyumbani amshukuru Mungu. Miezi minane baadaye kovu likawa gumu, na kwapani pakaota kingine. Tuliporudi kuuliza ile nyama iliyotolewa ilionekana kuwa nini, muuguzi alitutazama kwa huruma. Ilitupwa siku ileile.

Jina la kituo kile sitalitaja, maana najua si peke yake. Nataka wasomaji wenu waelewe kilichotupwa pamoja na ile nyama.

Kansa ya titi si ugonjwa mmoja. Kipande cha nyama kinapofika maabara, kwanza wanaangalia kama ni kansa kweli, kisha wanapima mambo matatu: kama chembe zake zina vipokezi, yaani milango ya kupokea homoni, vya estrojeni, kama zina vya projesteroni, na kama zina protini iitwayo HER2 kwa wingi. Majibu hayo ndiyo yanayochagua dawa. Mwenye vipokezi vya homoni anaweza kusaidiwa sana na tamoxifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka mitano au zaidi, na ni dawa ya zamani isiyo ghali. Mwenye HER2 nyingi anahitaji trastuzumabu, dawa ya sindano ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, ingawa kwa mfuko wetu bado iko mbali. Asiye na chochote kati ya hivyo vitatu, tamoxifeni haitamfaa kitu. Tegemeo lake kubwa katika dawa ni kimio, yaani dawa kali za kuua chembe za kansa. Sasa fikirini mwanamke anayemeza kidonge miaka mitano bila mtu kujua kama ugonjwa wake unakisikia. Au yule ambaye kidonge hicho kingemwokoa, na hakuna aliyemwandikia kwa sababu nyama yake iko kwenye shimo la taka.

Jambo la pili nililisoma mwenyewe, na usiku ule sikulala. Marekani walifuatilia wanawake wenye kansa ya titi kwa miaka 20 na kutoa matokeo mwaka 2002. Walioondolewa uvimbe tu na wale walioondolewa titi zima waliishi sawasawa. Habari njema hiyo. Lakini walioondolewa uvimbe bila kupigwa mionzi, kansa iliwarudia katika titi lilelile karibu 39 kwa kila 100. Waliopata mionzi, 14 kwa 100. Wataliano nao, mwaka uleule, walionyesha kwamba titi linaweza kubaki bila kupunguza maisha, ila wagonjwa wao walipewa mionzi. Yaani kutoa uvimbe pekee ni nusu ya kazi. Yaya alipewa nusu, akaambiwa imeisha.

Bukavu haina mashine ya mionzi. Kwa hiyo hapa kwetu swali "unataka titi libaki au liondolewe?" haliwezi kuulizwa peke yake. Lazima lifuatane na jingine: utafika kwenye mionzi au hutafika? Ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Rwanda, mjini Kigali, hospitali ya kijeshi ya Kanombe inatoa mionzi tangu 2019, na Butaro, kaskazini ya nchi hiyo, kuna kituo cha kansa tangu 2012. Lakini mionzi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mtu lazima alale mahali, ale, aache biashara. Tangu vita vilipoingia mjini mwezi wa pili 2025 na benki zikafungwa, hata kukusanya pesa ya safari ni kazi kubwa. Mama mwenye uvimbe mdogo ambaye kweli hawezi kuvuka, huenda kuondoa titi zima ndiko kutamlinda zaidi, na hapaswi kuitwa mwoga. Anayeweza kuvuka, asiambiwe kwamba titi lazima liondoke. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mtu angekaa naye kitako aipige naye, kabla ya kisu. Yaya hakupata nafasi hiyo. Ugonjwa uliporudi, kwa sababu ulishafika kwapani, alihitaji vyote: kimio kwanza ili uvimbe upungue, kisha upasuaji wa titi zima, kisha mionzi.

Tulimtambuaje munganga wa kweli? Mjini kwetu kila aliyewahi kutoa uvimbe anaitwa munganga wa kansa, na kumuuliza maswali ni kama kumtukana. Mtu akitaka kusikia maoni ya munganga mwingine, jamaa wenyewe wanamkemea. Tulizunguka kwa watatu. Wawili walianza kuandika dawa kabla yaya hajakaa vizuri kwenye kiti. Wa tatu alisema, "Mama, siwezi kukupa dawa ya ugonjwa nisioujua jina." Akachukua kipande kwa sindano nene pale kwapani, akakitia kwenye formalini, maji ya kuhifadhi nyama isioze, akakituma maabara. Tulingoja wiki nyingi, na jamaa wakanung'unika kwamba anachelewesha. Jibu liliporudi lilikuwa na vipokezi vya homoni. Alimwita mpasuaji, wakakaa wawili mbele yetu wakabishana ni nini kitangulie, na yaya akasikia kila neno. Ile siku ndiyo nilianza kupumua.

Bukavu haikosi mikono mizuri. Mji uliomlea Denis Mukwege, munganga wa wanawake aliyeanzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupewa Nobel ya Amani mwaka 2018, hauwezi kusema hauna watu wa kutibu wanawake. Ninachowaomba wakuu wa hospitali na vituo, wakubwa kwa wadogo, hakihitaji mashine: uvimbe wowote unaotoka kwenye titi usitupwe, upelekwe maabara, na mgonjwa apewe karatasi ya majibu mkononi, pia kile kipande cha nyama ambacho maabara hukihifadhi kwenye nta, akihamia kwa munganga mwingine. Na ninyi, Mhariri, mwezi wa kumi ujao mtupe ukurasa wa pili: siku ya kwanza baada ya uvimbe kusikika, mtu aulize nini, kwa nani.

Yaya yuko mwaka wa pili wa tamoxifeni na amerudi kwenye vitenge vyake. Karatasi yake na kipande cha nta tumevifunga kwenye plastiki, ndani ya sanduku la nguo. Mwanamke akitaka kuona karatasi hiyo inavyofanana, ili ajue anachokwenda kudai, aje tumwonyeshe.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kadutu, Bukavu